Jioni Mwanao Hukaa na Nani Huko Mjini?



Kijana akiondoka Chiwanda kwenda Dar es Salaam, nyumba nzima husimama. Mama humfungia unga wa muhogo na usipa wakavu. Baba humpa nauli na maonyo. Naye hupanda gari, akapita Mbamba Bay, Mbinga, Songea, Njombe na Iringa, na safari yake yazidi kilomita 1,000. Baada ya siku chache simu yalia. Nanyi mwamwuliza: Umefika salama? Umepata chumba? Umepata kazi? Na Jumapili ulikwenda Misa?

Maswali hayo ni mema. Lakini liko swali moja ambalo wazazi wachache hulikumbuka: Jioni, kazi ikiisha, wakaa na nani?

Kijijini hatuna haja ya kuliuliza. Mtu asipoonekana ufukoni asubuhi mitumbwi inaporudi, jirani huja mlangoni kubisha hodi: Je, mwenzetu, u mzima? Mjini mambo ni mengine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5. Katika umati huo mtu aweza kuugua siku tatu ndani ya chumba cha kupanga, na aliye upande wa pili wa ukuta asijue hata jina lake. Ndiyo maana vijana wengi waliotoka kwetu wakiwa wachangamfu hurudi wamenyamaza, na wengine hawarudi. Njaa ya mji twaijua sote. Upweke wa mji hatuusemi.

Leo twataka kukueleza habari za mahali padogo ambapo watu wa mji wameipata dawa ya upweke huo, nacho ni kijiwe cha kahawa. Huenda umesikia kijiwe kikitajwa kwa lawama, kana kwamba ni mahali pa wavivu tu. Tafadhali soma hata mwisho, ndipo uamue.

KIJIWE NI NINI?

Kijiwe maana yake ni jiwe dogo, na mara nyingi hapo hapana zaidi ya hayo: jiwe, gogo, au ubao uliolazwa juu ya matofali, chini ya mwarobaini au penye kivuli cha ukuta. Katikati yupo muuza kahawa. Chombo chake ni birika refu ambalo watu wa pwani huliita dele. Chini yake jiko dogo la makaa, na kando ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe. Vikombe hivyo ni vidogo sana, vyeupe, havina mkono. Muuza kahawa apitapo njiani huvigonganisha mkononi, na kwa mlio ule watu wajua kwamba amekuja; hana haja ya kupaza sauti.

Kahawa yenyewe ni nyeusi na chungu, haina maziwa wala sukari. Mara nyingine hutiwa tangawizi. Anayetaka utamu hununua kashata ya karanga au ya nazi, akauma kidogo, akapiga funda moja. Bei ya kikombe ni ndogo kuliko ya soda. Nalo hili ni jambo kubwa, msomaji, maana maskini haoni haya kuketi hapo. Kwa kikombe kimoja aweza kukaa saa nzima, wala hakuna atakayemwambia, Ondoka, wengine wanangoja.

Wanaokaa ni watu wa kila namna: fundi cherehani, mpagazi wa sokoni, karani mstaafu, dereva wa bodaboda, mwalimu. Gazeti moja lanunuliwa, nalo lasomwa na watu kumi. Wawili wacheza bao au drafti, na watano wanawafundisha namna ya kushinda. Wakati wa Ramadhani kijiwe chanyamaza mchana, kikachangamka baada ya futari.

Huko Unguja jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zina viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nje, navyo huitwa baraza. Bwana wa nyumba huketi hapo, mpita njia humwamkia, kahawa huletwa. Palipo mashuhuri kuliko pote ni penye njia panda iitwayo Jaws Corner, ambapo watu hunywa kahawa, hucheza bao na kubishana siasa. Tazama basi jinsi lugha yetu ilivyo na hekima: neno lile lile la kiti cha mawe ndilo tunalolitumia tukisema Baraza la Mawaziri, na hata Baraza la Maaskofu. Wazee waliona kwamba shauri jema huanza pale watu wanapoketi pamoja.

KAZI ZA KIJIWE

Utauliza: Watu hao wafanya nini zaidi ya kuzungumza? Jibu ni kwamba kuzungumza kwenyewe ni kazi, na matunda yake twaweza kuyahesabu.

Kwanza, kijiwe ni mahali pa kupata kazi. Mjini kazi nyingi hazibandikwi ukutani. Mtu hutaka fundi wa kupaka rangi au kijana wa kulinda duka, naye huenda kuuliza kwa watu anaowaamini. Mzee wa kijiwe atasema, Yule kijana wa Nyasa namwona kila siku, si mlevi, si mwizi. Ushuhuda huo waweza kushinda barua ndefu.

Pili, ni mahali pa kusaidiana. Mtu akifiwa, habari hufika kijiweni kabla ya saa moja kupita. Daftari huletwa, kila mtu hutoa kidogo, na wachache huchaguliwa kwenda msibani. Wasio ndugu huwa ndugu.

Tatu, ni shule ya adabu kwa watu wa dini na makabila mbalimbali. Mkristo wa Chiwanda huketi na Mwislamu wa Kilwa na Mgogo wa Dodoma. Wajua jambo hili halianzi leo. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kubatizwa mwaka 1943, alikuwa mwalimu katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu. Naye alikuwa mgeni Dar es Salaam kama mwanao alivyo mgeni. Waliompokea mjini na kusimama naye ilipoanzishwa TANU tarehe 7 Julai 1954 walikuwa wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu. Alikaa nao, akasikiliza, akacheza nao bao, mchezo alioupenda sana. Hakuificha imani yake, wala wao hawakuificha yao. Mwaka 2005 Kanisa lilifungua rasmi shauri la kumwombea atangazwe Mwenye Heri. Basi asikudanganye mtu kwamba kuketi na watu wasio wa dini yako ni kuiacha dini yako.

Nne, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kijiweni mtu asipoonekana, huulizwa. Siku ya kwanza watu husema, Labda ana kazi. Siku ya pili husema, Jamani, fulani yuko wapi? Siku ya tatu mmoja huinuka kwenda kumtazama. Msomaji, hapo ndipo uzuri wote wa jambo hili ulipo. Kahawa ni kisingizio. Wanachokuja kukitafuta watu wale, hata kama hawasemi, ni mahali ambapo kukosekana kwao kutaonekana.

TANGU ZAMANI

Usidhani kwamba desturi hii ni ya watu wa pwani peke yao. Mbuni wa kahawa asili yake ni Uhabeshi. Ng'ambo ya bahari, huko Yemeni, watawa wa Kiislamu walikunywa kahawa ili wakeshe katika sala. Kutoka hapo ikaenea, na kila ilipofika watu walikusanyika kuinywa. Mwaka 1511 mtawala wa Makka aliipiga marufuku, lakini marufuku yake hayakudumu. Katikati ya karne ya 16 nyumba za kahawa zilifunguliwa Istanbul. London ilipata yake ya kwanza mwaka 1652. Mwaka 1675 mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri zifungwe zote, kwa kuwa aliogopa maneno ya watu waliokaa humo. Watu walilalamika mno, hata amri yake ikaondolewa kabla haijaanza kutumika. Na ile bima ya meli iitwayo Lloyd's, inayojulikana dunia nzima, ilianzia katika nyumba ya kahawa ya bwana Lloyd, ambapo mabaharia na wafanyabiashara walikutana kupashana habari za meli.

Kuna na hadithi moja inayosimuliwa juu ya Papa Klementi wa Nane, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 1592 hata 1605. Yasemekana baadhi ya watu walimsihi akataze kahawa, wakidai ni kinywaji cha Shetani. Papa akaomba kikombe, akaonja, akakisifu, akasema ni heri kukibariki kuliko kumwachia Shetani kitu kitamu namna hii. Ni hadithi tu, lakini ina mafundisho: jambo lisihukumiwe kabla ya kuonjwa.

Na hapa kwetu? Wahaya wa Bukoba walikuwa na kahawa yao tangu zamani za kale. Hawakuinywa, walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na mgeni alipofika alikaribishwa kwa buni hizo. Watu wawili walipotaka kufanya udugu wa kuchanjiana damu, walipasua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna buni mbili, kila mmoja akala yake ikiwa imepakwa damu ya mwenziwe. Sisi Wakristo hatuhitaji kuchanjiana, maana Damu iliyotufanya ndugu imekwisha kumwagika. Lakini tazama jinsi wazee wale walivyoona katika tunda dogo mfano wa undugu: buni mbili, ganda moja.

Wamisionari walioleta Injili ndio walioleta mbegu nyingine za kahawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walikuja na miche kutoka kisiwa cha Réunion, na baadaye wakapanda kahawa huko Kilimanjaro. Katika milima ya Umatengo kahawa ilianza kulimwa miaka ya 1920, katika nchi ile ile ambayo wenyeji wake walikuwa wamejua tangu zamani kulima miinuko mikali kwa vishimo vya ngolo, udongo usichukuliwe na mvua. Leo kahawa ya Mbinga yajulikana nchi za mbali. Sisi wa ufukoni, kwa kuwa nchi yetu ni ya joto na ya chini, tuna mihogo, mpunga na samaki. Lakini kahawa hiyo ni ya jirani zetu wa juu, tunaouziana nao kila siku ya gulio.

Sasa hili lastaajabisha: mkulima wa Umatengo hukesha akipalilia mibuni, kahawa yake ikapakiwa magunia kwa magunia, ikanywewa na watu huko ng'ambo wakicheka na rafiki zao, na yeye mwenyewe hakuionja. Sehemu ndogo tu ya kahawa ya Tanzania hunywewa na Watanzania. Tumeuza kinywaji, na pamoja nacho tumeuza mazungumzo yake.

SI KILA KIJIWE NI CHEMA

Hatutaki kukupamba kwa maneno matupu. Viko vijiwe vibaya, na mwanao yafaa avijue kabla hajaketi. Vingine ni vya watu wasiotaka kazi: wamekaa tangu asubuhi, na jua likizama wamo bado. Vingine vimegeuzwa mahali pa kucheza kamari za mpira, na mshahara wa wiki huisha kabla haujafika mfukoni. Vingine chakula chao ni kusengenya, na hasa kuwasema wanawake wapitao. Na vingine kikombe cha kahawa ni pazia. Nyuma yake kuna bangi.

Mwambie mwanao atazame alama hizi. Kijiwe chema kina wazee. Kina saa: watu huja baada ya kazi, wakaondoka kwa wakati. Mtu asiye na fedha leo hunyweshwa na mwenzake, wala hatukanwi. Maneno yanayosemwa hapo yaweza kusemwa mbele ya mama yake. Na mtu akisema, Jumapili sipo, nakwenda Misa, wenzake humjibu, Haya, utuombee. Akiona hayo, akae. Akiona kinyume chake, aage kwa adabu, asirudi.

NA MABINTI ZETU?

Swali hili ni la haki, maana vijiwe vya kahawa ni vya wanaume karibu vyote, na binti aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani au dukani hana kiti hapo. Upweke wake waweza kuwa mkali zaidi, kwa kuwa watumishi wengine wa nyumbani hufungiwa langoni mchana kutwa.

Lakini wanawake nao wana mahali pao. Mama lishe apikaye chai, maandazi na wali chini ya turubai ana benchi lake, na benchi hilo ni mgahawa kamili. Neno mgahawa lenyewe lina undugu na neno kahawa. Mama lishe huwajua wateja wake kwa majina, huwakopesha, huwaonya. Binti akimpata mama mwema wa namna hiyo, amepata shangazi. Wako pia akina mama wa WAWATA katika kila parokia. Mama, kabla binti yako hajaondoka, mwombe Padre wako ampe barua ya kumtambulisha parokiani kwake huko mjini, na binti aipeleke juma la kwanza, asingoje mpaka shida imfike.

Na hapa twataka kukumbusha jambo. Tangu miaka ya 1970 Maaskofu wa Afrika Mashariki walitaka Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani nyumba chache za jirani zinazokutana kila juma kusoma Neno la Mungu na kusaidiana. Mwanao wa kiume na wa kike, wote wawili wana kiti katika Jumuiya ya mtaa wao. Kijiwe hakiwezi kushika mahali pa Jumuiya. Lakini Jumuiya yaweza kujifunza kwa kijiwe: kufika kwa wakati, kutomwonea haya maskini, na hasa kuuliza, Fulani yuko wapi? Jumuiya isiyouliza hivyo imebaki na jina tu.

NASI HUKU NYUMBANI

Usiseme, Mambo haya ni ya mjini, hayanihusu. Hapa ufukoni tuna miembe, tuna magogo ya mitumbwi ya zamani, tuna wazee wanaoshona nyavu. Kijiwe tunacho tayari. Lakini jioni vijana wakitafuta pa kukaa, mara nyingi mlango ulio wazi ni wa kilabu cha pombe peke yake. Huko nako kuna mazungumzo, ila yakianza na kicheko huishia kwa ngumi, na fedha ya samaki haifiki kwa mama wa watoto. Kumwambia kijana, Usiende kilabuni, bila kumwonyesha mahali pengine pa kukaa, ni kumfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Basi jaribuni hivi. Siku ya gulio nunueni kwa mkulima wa Umatengo kahawa kidogo iliyokaushwa. Itwangeni polepole kinuni hata maganda yatoke, kisha pepeteni kwa ungo. Ikaangeni kwa moto mdogo mkikoroga bila kuacha, hata igeuke rangi na kunukia vizuri. Ikiungua itakuwa chungu kupita kiasi. Iepueni ipoe, itwangeni tena, ichekecheni. Kwa lita moja ya maji yanayochemka tieni vijiko vinne vya chakula, pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Ikichemka mara ya pili, ondoeni motoni, iacheni itulie, machicha yazame. Karanga zetu na sukari kidogo zatosha kufanya kashata.

Ianzeni Jumapili baada ya Misa, chini ya mti karibu na kanisa. Wazee wakae na vijana, wala wasikae mbali kama mahakimu. Akina mama wawe na kiti chao, si cha kupikia tu. Msianze na hotuba. Acheni watu waseme habari za ziwa, za mashamba, za watoto walio mbali. Wanafunzi wale wawili waliokwenda Emau walitembea na Bwana njiani wasimjue. Walimtambua walipoketi naye mezani, alipomega mkate. Kuna mambo ambayo mtu hayaoni mpaka aketi.

Na usiku wa leo, simu ya mwanao ikilia, mwulize yote uliyozoea kumwuliza. Kisha mwulize na hili: Mwanangu, jioni wakaa na nani? Kama usipoonekana siku tatu, nani atakuja kubisha hodi? Akikutajia majina, lala usingizi. Akinyamaza, usimkemee. Mwambie aende kwenye Jumuiya ya mtaa wake, na mwambie pia kwamba pale mlio wa vikombe unaposikika yupo mzee mmoja ambaye, akimwamkia shikamoo, atasogea kidogo kwenye ubao ili ampe nafasi.